Jina Langu Kidevuni

Mwaka ule nilichoma santuri usiku,
umeme wa mchana ulikuwa na maringo.
Kumi na mbili zikitoka moto
nazipanga juu ya kitambaa kama chapati,
naandika kwa kalamu ya wino mzito:
HARUSI YA ELIWAZA NA NDEKIRWA, MACHAME.
Chini yake, kwa herufi ndogo za mtu asiye na wakili:
tafadhali usinakili.

Moja elfu kumi na tano.
Wiki ya pili naikuta Mbuyuni
mezani kwa Senzighe, kijana wa Usangi,
kati ya betri za redio na mikanda ya suruali.
Buku tu, na mfuko juu.
Harusi yangu! Haya, ya wenyewe,
lakini nani alisimama juu ya spika, suruali ikapasuka,
ampate yule ndafu akiingia na majani mdomoni?

"Umeitoa wapi?"
"Kwa shemeji wa bwana harusi." Hakuona haya.
"Kaka, ukoo una watu mia nne.
Wewe umechoma kumi na mbili."

Nikaapa. Nikatafuta dawa.
Mtaalamu mmoja wa Kiusa akaniuzia kufuli la kompyuta:
santuri haikudurufika, ni kweli,
ila haikucheza pia,
kila deki iliitema kama mtoto na kwinini.
Wateja wakarudi na bahasha zao.

Basi nikajibandika mwenyewe:
KISARIKA VIDEO, MOSHI, na namba ya simu,
rangi ya njano, katikati ya picha,
tangu madhabahuni mpaka keki.
Mama mmoja alisema, "Baba,
mbona umekaa juu ya mwanangu?"
Nikamweleza habari za haki, za jasho.
Alinisikiliza
kama mtu aliyejikinga barazani mvua ipite.

Senzighe akaacha kuniuza.
Siku hiyo nilikula mtori bakuli mbili.

Kisha Juni, ile baridi ya ukungu mpaka saa tano,
akafa Bibi Aikaruwa.
Hakuwa na picha ila ya kadi ya kura,
amekodoa macho kama aliyeshitakiwa.
Wajukuu wakaja: "Tunataka ile anacheka,
kwenye harusi ya Anaeli, pale mbuzi alipoanguka."
Naikumbuka. Nilimsogelea polepole,
meno matatu, kitambaa kimeteleza,
nilijua papo hapo kwamba nimepata kitu.

Kanda ya asili?
Nilishairekodia kipaimara cha watu wengine.
Kanda ni ghali.
Imebaki santuri, na mimi nimelala juu yake.

Fundi wa picha alihangaika hadi jioni.
Akifuta jina, kidevu kinaondoka.
Akirudisha kidevu, jina linarudi.

Nikaenda Mbuyuni, naona aibu hata kwa viatu vyangu.
"Unayo nakala yoyote isiyo na jina?"
Senzighe alinivutia kiti.
"Ulizitia dawa, kaka.
Mimi naiba vinavyoibika."
Hakucheka. Afadhali angecheka.

Ikawekwa hivyo hivyo, kwenye fremu, juu ya jeneza:
bibi anacheka kati ya migomba,
KISARIKA VIDEO chini ya mdomo,
namba ikishuka kuelekea begani.
Kwaya iliimba. Mchungaji alisoma.
Nilisimama nyuma, kamera mkobani,
na kila aliyekwenda kumuaga
alinisoma kwanza.

Udongo ulipokwisha, mzee mwenye koti la sufi
alinishika mkono, akaninong'oneza:
"Ndiwe Kisarika? Tuna sherehe Desemba.
Nimeinakili namba yako pale kwa bibi,
ila mbili za mwisho
zimefunikwa na maua. Ni ngapi?"

Nikamtajia.